UZI: Dogo kauliza kwa nini meno yake ni ya kahawia, mama yake kamwambia "kula chakula wewe"

Mchunga Mbu

Wakuu habari za jioni. Naandikia simu na nimetoka kazini nimechoka, kwaiyo uzi utakuja kwa vipande na makosa ya kuandika mtanisamehe. Niko Moshi, kazi yangu nafuga mbu wa kupimia vyandarua vyenye dawa. Sio utani, ugali wangu unatokana na mbu, na jina nimelichagua kwa sababu hiyo.

Likizo ya mwezi wa sita nlienda Arusha kwa dada yangu, anakaa huko Kwa Mrombo. Tuko mezani, wageni wapo, mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tatu, akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mjomba, kwa nini meno yangu ni ya kahawia na ya binamu wa Dar ni meupe, wakati mimi ndo napiga mswaki kumshinda?" Dada akamkata jicho, "Kula chakula wewe." Wageni wakacheka, nusu yao wakacheka midomo imefumbwa maana nao wanayo haya haya meno yetu. Hata mimi ninayo. Ukiwa Dar ukicheka tu mtu anakwambia wewe wa Arusha wewe.

Nikamjibu kikubwa, floraidi hiyo, iko kwenye maji, huku kwetu ardhi ni ya volkano na maji yakipita kwenye miamba yake yanatoka nayo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima vya huku vinakipita mbali sana. Nikajua nimemaliza nikavuta nyama. Dogo akasema, "Sasa mbona darasani kuna mwenzetu kahamia Arusha darasa la sita, anakunywa maji haya haya, meno yake meupe?"

Wakuu nlikaa kimya. Sio kwamba jibu sikuwa nalo. Ni kwamba lile swali lilikuwa zuri kuliko jibu langu, af mtoto mwenyewe ameshaambiwa anyamaze. Nikamuuliza daftari unalo? Akasema analo la jografia halijaisha. Nikamwambia lete.

Naendelea kesho.

Meku wa Kiboriloni

Mchunga Mbu bana umekata patamu. Tunasubiri hapa.

Mchunga Mbu

Haya. Tukachora safu kwenye lile daftari. Kazaliwa wapi, kafika Arusha akiwa na umri gani, utotoni alikunywa maji gani (bomba, kisima, mto, ya mvua), meno yakoje. Nikamwambia anza na darasa lako, lakini kila mtu umwombe kwanza na akikataa usimlazimishe wala usimtangaze. Jina usiandike, andika namba. Kwenye utafiti wenyewe hilo linaitwa ridhaa, na mtoto chini ya miaka 18 inabidi mzazi naye akubali, kwa kawaida mradi wa afya hauanzi bila hiyo. Kwa daftari la jografia tukakubaliana angalau ruhusa ya mwenyewe na mwalimu wa zamu ajue.

Wiki ya pili shule zimefunguliwa kanipigia, anasema mjomba nimemaliza, waliokulia huku wana kahawia, waliokuja wakubwa wana meupe. Nikamuuliza nani aliangalia meno? Mimi. Na ulikuwa unajua huyu kazaliwa wapi wakati unamwangalia? Ndio. Nikamwambia basi rudia.

Akakasirika kidogo, na mimi nlikasirika hivyo hivyo miaka ile nilivyoambiwa na bosi wangu. Ila fikiria mwenyewe, ukishajua huyu ni mzaliwa wa Ngaramtoni utaona kahawia hata pasipo na kahawia, jino lenye kadoa kamoja litakuwa "kahawia" kwa wa Arusha na "jeupe" kwa wa Tanga. Huwezi kulikwepa kwa kuwa mwaminifu, jicho lenyewe ndo linadanganya. Dawa yake ni kumtafuta rafiki asiyejua chochote aangalie meno tu na kutaja rangi, yeye dogo anaandika. Huko kazini tunafanya hivyo hivyo, chandarua kinakuja na namba tu, mimi ninayehesabu mbu waliokufa sijui hicho ni kipya, kimefuliwa mara 20, au hakina dawa kabisa.

Alivyorudia, jibu likabaki lile lile ila kuna watu kadhaa wakahama safu. Waliokulia huku toka wachanga wana kahawia, waliokuja wakubwa wana meno meupe hata kama wameshakaa miaka mitano. Hapo ndo nikampa jibu nililokuwa nimelibania. Gamba la nje la jino linajengwa likiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akifika kama miaka minane kazi hiyo imeshaisha kwa meno karibu yote ukiacha magego ya mwisho. Floraidi ikizidi wakati linajengwa linatoka na kasoro. Ikija baadaye meno hayabadiliki rangi. (Mifupa ni habari nyingine, floraidi nyingi miaka mingi inaiharibu hata ukiwa mtu mzima, kwaiyo mliokuja wakubwa msijisahau.)

Ila akabaki na mmoja anayeharibu hesabu. Namba 17. Binti amekulia kwao milimani, maji ya chemchemi, majirani zake meno meupe, yeye kahawia kabisa. Dogo akaniuliza nimfute? Nikamwambia ukimfuta huyo nalichukua hilo daftari.

Mama Wawili Njiro

Kaka hii nimeisoma huku nacheka na huku inaniuma. Wangu wa kidato cha pili anauliza maswali mpaka natamani kujificha. Na mimi kila siku namwambia soma uwe daktari, sijui kazi nyingine ya sayansi zaidi ya udaktari na ualimu. Hivi hao watafiti wanakaa wapi? Wanaajiriwa na nani? Au mpaka aende Ulaya?

Mchunga Mbu

Mama Wawili shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Umesema uko Njiro? Basi watafiti ni majirani zako. Taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, iko hapo hapo Njiro. Watu wa nguvu za atomi nao wana ofisi Njiro, ndo wanaopima mionzi kwenye vyakula na kukagua mashine za eksirei za hospitali. Panda kifodi shuka Tengeru, kuna Chuo cha Nelson Mandela ambacho ni masta na PhD za sayansi na uhandisi, kuna TARI, watafiti wa kilimo, hao ni wa mboga na matunda, kuna World Vegetable Center wenye benki ya mbegu za mboga zetu za kiafrika, mnavu, mchicha, ngogwe. Yaani kuna mtu mshahara wake ni kuonja na kupima ngogwe. Upande wa Ngaramtoni kuna wa viuatilifu na afya ya mimea, zamani tukiita TPRI, na pale ndo kuna hebaria ya taifa, mimea iliyokaushwa imebandikwa kwenye karatasi na jina lake na siku iliyochumwa. Selian nao ni TARI, wanafanya maharage na mahindi.

Huku Moshi kuna hospitali ya KCMC na taasisi yake ya utafiti wa tiba, kuna watafiti wa kahawa Lyamungu, kuna chuo cha wanyamapori Mweka toka 1963.

Na kuhusu meno, yule Profesa Askwar Hilonga wa pale Nelson Mandela katokea kijiji cha Gongali, Karatu, kakua akiona haya haya maji. Akatengeneza chujio la nano linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, floraidi ikiwemo, na 2015 akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lilianza na swali lile lile la mezani, ila huyu hakuambiwa ale chakula, au aliambiwa hakusikia.

Dereva Kifodi

Mnawajaza watoto upepo. Sayansi bongo haina hela. Nina jamaa ana digrii ya baiolojia anauza vifaranga Mianzini.

Mchunga Mbu

Dereva hujakosea na sitakubishia ili nionekane mjanja. Mimi mwenyewe yamenikuta. Utafiti mwingi unaendeshwa kwa miradi, mradi una miaka mitatu, minne, ukiisha na mkataba umeisha. Kuna sehemu nlikuwa, siitaji, tuliambiwa mwezi wa kumi kwamba mkataba unaongezwa, tukanunua hadi keki, mwezi wa kumi na mbili tukaambiwa fedha haikuja. Nikakaa miezi saba nyumbani naishi kwa kuuza dawa za mifugo dukani kwa shemeji, Kiboriloni sokoni. Mke wangu hataki hata niusimulie huo mwaka. Kwaiyo dogo akiniuliza ntamwambia hilo kabla ya mengine, ukikaa kwenye miradi weka akiba na mwezi wa mwisho wa mkataba usikukute hujaanza kutafuta.

Ila jamaa yako wa vifaranga muulize swali moja, anajua kwa nini vifaranga vyake vinakufa wiki ya pili na vya jirani havifi? Kama anaandika kila siku joto, chakula na idadi, basi hajaacha sayansi.

Kijiti cha Meru

Shikamoo anko. Mimi niko form two Usa River. Swali langu ni hivi, nimepata D ya fizikia na mwalimu alisema wenye D tusijisumbue na sayansi. Na pia mbu unawafanyaje, wanakung'ata?

Mchunga Mbu

Marahaba binti yangu. Naanza na mbu maana nakujua hilo ndo ulilotaka.

Chumba chao kina joto la kama nyuzi 27 na unyevu asilimia 80 hivi, ukiingia miwani inapata ukungu. Viluwiluwi wako kwenye mabeseni ya maji wanakula chakula cha samaki wa urembo kilichosagwa, ukiwapa kingi maji yanachacha wanakufa wote, ukiwapa kidogo wanatoka mbu wadogo dhaifu. Nlichukua miezi kujua kipimo kwa kuangalia tu rangi ya maji. Wakigeuka pupa wanakuwa kama alama ya mkato inayoruka ruka, hao unawatoa kwa bomba la plastiki mmoja mmoja unawaweka kwenye kizimba cha neti. Wakishapata mabawa wote wanakula maji ya sukari kwenye pamba, dume na jike. Damu ni ya jike tu, na ni kwa ajili ya kutengeneza mayai. Kuna njia ya kuwapa damu ya mnyama iliyopashwa moto nyuma ya utando mwembamba, wanadhani ni ngozi.

Kupima chandarua sasa. Unabana koni ya plastiki juu ya kipande cha neti, unaingiza majike watano kwa kuwafyonza na bomba la mdomo (lina kichujio, huwezi kummeza, wote mnauliza hilo). Dakika tatu kamili. Unawatoa, unawaweka kwenye kikombe. Baada ya saa moja unahesabu walioanguka, baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Pembeni kuna wenzao waliokaa kwenye neti isiyo na dawa, na hao nao wakifa wengi kazi yote ya siku hiyo unaitupa, maana huwezi kujua kilichoua ni dawa au ni wewe umewabana vibaya. Nimeshatupa kazi ya siku nzima nikatembea kwa mguu mpaka nyumbani kwa hasira.

Hapo bado vile vibanda vya majaribio huko tambarare kwenye mpunga, mtu analala chini ya chandarua usiku kucha na alfajiri tunaingia na tochi kuokota mbu, waliokufa upande huu, walio hai upande ule, waliokunywa na wasiokunywa.

Sasa D. D ni ufaulu binti, sio kufeli. Mimi nimesoma diploma ya maabara, miaka mitatu baada ya kidato cha nne, na ufaulu wangu sikuutangaza kanisani. Sifa za kujiunga zinabadilika, usisikilize mtaa, tafuta mwongozo wa NACTVET (wanaosimamia vyuo vya ufundi na vya kati) wa mwaka unaomaliza na usome mwenyewe mstari kwa mstari. Ukienda advansi kuna michepuo ya sayansi, PCB, CBG, PCM. Waliofaulu sana sayansi kidato cha sita kuna Samia Scholarship toka 2022, na mikopo ya bodi ipo. Na wewe uko form two, una miaka miwili. Fizikia inakushinda wapi hasa, ni hesabu zake au ni kiingereza cha swali? Kwa wengi ni la pili, wakidhani ni la kwanza.

Meku wa Kiboriloni

Mwalimu kusema hivyo sio ajabu. Mnamjua Erasto Mpemba? 1963, kijana wa sekondari Magamba kule Lushoto. Wanatengeneza aiskrimu ya maziwa na sukari, nafasi kwenye friji zinagombaniwa, yeye hakusubiri maziwa yapoe akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza yake bila kuyachemsha. Akauliza, akaambiwa amechanganya mambo. Akaendelea kuuliza mpaka anachekwa-chekwa, hiyo ni "fizikia ya Mpemba". Akiwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu Dar, Denis Osborne, dogo akasimama mbele ya wenzake akamuuliza swali lile lile. Mzungu hakulijua jibu lakini akarudi kulijaribu. 1969 wakachapisha pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa hapa hapa kwetu Mweka anasomea wanyamapori. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama kweli yanaganda haraka na kama ndio ni kwa nini, na jina ni lake.

Baba yangu mdogo alikuwa mpagazi mlimani. 2000 alikuja Lonnie Thompson kutoka Marekani kuchimba barafu ya Kibo, walikuwa wanatoboa na kutoa magogo ya barafu marefu na kuyashusha yasiyeyuke. Ya chini kabisa ina miaka zaidi ya 11,000. Mzee mpaka leo akinywa mbege yake anasimulia. Na walitabiri barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. Angalia juu asubuhi hakuna wingu, ipo, kidogo lakini ipo. Mzee anawacheka sana.

Mchunga Mbu

Meku mwambie mzee asicheke sana, ramani ya 1912 ilikuwa na kilomita za mraba kama 12 za barafu, na 2000 zilikuwa hazifiki 3. Mwelekeo walipata, tarehe ndo waliikosa. Ila napenda kwamba waliandika tarehe, ukiandika tarehe watu wanaweza kukukamata.

Na mbege umeigusa. Bibi yangu Old Moshi alikuwa anajua imeiva kwa kuinamisha sikio kwenye pipa, anasikiliza inavyochemka bila moto. Msesewe (gome chungu linalotiwa kwenye mbege) akiupima kwa kiganja, hakukosea. Angepata daftari yule.

Kuna wengine mnaniuliza inboksi mtoto ambaye hesabu hazipandi kabisa afanyeje. Wakuu kwenye mradi mkienda Longido au Monduli mtu wa muhimu kuliko PhD ni anayejua Kimasai vizuri na anayejua kumkalisha mama chini na kumuuliza bila kumtisha. Huyo akikosea kutafsiri, takwimu zote ni uongo mtupu hata kompyuta iwe ya bei gani. Kuna wachoraji wa mimea. Kuna mafundi wa friji za maabara, umeme ukikatika usiku anaamshwa yeye kwanza. Na kuna wenye macho. Taya la Peninj, la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Ziwa Natron, mkoa wetu huu wa Arusha, lililokaa ardhini zaidi ya miaka milioni moja, aliyeliona 1964 ni Kamoya Kimeu, Mkenya, shule yake ilikuwa ya msingi. Wasomi walikuwepo eneo lile, ila jicho lililoliona ni la kwake.

Mama Wawili Njiro

Na namba 17 mliishia wapi? Mmetuacha hewani.

Mchunga Mbu

Nlijua mtauliza. Dogo alikuwa na dhana nne. Labda alihamishwa mdogo na hakumbuki. Labda chemchemi yao ina floraidi na za jirani hazina. Labda ni madoa ya kitu kingine. Labda ni chakula. Nikamwambia chagua unayoweza kuipima bila hela. Akamuuliza binti kwa adabu, binti akamuuliza mama yake kwa simu. Kuhama hakuhama. Maji ni yale yale ya jirani.

Chakula sasa. Mimi nlikuwa najua kitu nikanyamaza makusudi. Nchini kwetu watafiti wa meno walishakuta sehemu ambazo maji yana floraidi kidogo lakini watoto wana meno yaliyoharibika, na kimojawapo walichokiona ni magadi, yale ya kulainishia maharage na makande, mengine yanabeba floraidi nyingi kweli. Sikumwambia. Nlitaka nione.

Jana usiku saa nne ananipigia, dada anapiga kelele nyuma simu irudishwe. Mama wa namba 17 kasema bibi aliyemlea alikuwa anatia magadi kwenye maharage na mpaka kwenye mboga za mtoto ziive haraka. Dogo haongei, anakimbia kwa mdomo. Nikamwambia tulia, huyo ni mtu mmoja, unajuaje wale wenye meno meupe nyumbani kwao hawatii magadi?

Kimya. Halafu akasema, "Sikuwauliza."

Leo asubuhi kanitumia picha ya daftari. Kachora safu mpya kwa rula pembeni kabisa, karatasi imemwishia kabandika nyingine na gundi. Juu kaandika MAGADI NDIO/HAPANA. Anaanza upya namba 1.